Mbuzi Wanne wa Wesha

Madungu, Chake Chake, Pemba

Kwa dada yangu Bi Mwanaidi,

Assalamu alaykum. Mguu wako vipi? Nilipoondoka Unguja ulikuwa huwezi kuukunja hata kwenye sala, na tangu hapo sijapata habari. Mimi sijambo kidogo, alhamdulillahi, ila homa haijaniacha na nimechoka, dada, wala sikufichi.

Kazi ni ileile: kuwatafutia kitoweo wachumaji karafuu wa tajiri wangu, mwenye shamba. Watu wametoka kila upande, Tumbatu, Makunduchi, wengine bara, na hakuna anayemjua mwenzake. Wanakula kwa kuwa mimi nimesema ni halali. Basi.

Wiki mbili nyuma chombo kilichotuletea mbuzi kutoka bara kilicheleweshwa na bahari mbaya. Kambini siku ya nne watu wanakula muhogo mtupu. Kilipofika bandarini Wesha nikakuta mbuzi wote wanne wameshachinjwa, wamechunwa na kuoshwa kwa maji ya bahari.

"Walikuwa wamelegea, tukawawahi kabla hawajafa," nahodha akaniambia.

"Nani kachinja?"

"Mimi mwenyewe."

Nikamfuata baharia wake aliyekuwa akifunga kamba, nikamuuliza yaleyale. Akasema kachinja yeye, si nahodha. Nikarudi kwa nahodha, akaapa. Lakini alikuwa akiapa huku anatazama miguu yake.

Nikaagiza lichimbwe shimo, tukawazika wote. Tajiri alikuja juu. "Mtu kaapa, Khamisi, unataka nini tena?" Akaniambia nisipopata nyama kesho yake nirudi kwetu. Wachumaji nao hawakunisalimia jioni ile. Mmoja alisema nisikie, "Huyu anatushindisha njaa kwa ucha Mungu wake."

Alfajiri nikadandia lori, ilipoishia njia nikaenda kwa miguu hadi Wingwi. Mzee mmoja akaniuzia ng'ombe, nikamswaga kurudi juu ya mawe na matope, na homa tayari imenishika. Nikamfikisha jua linazama, nikamchinja mbele ya watu wote.

Siku ya tatu nahodha akaja kwa miguu kutoka Wesha. Akakaa kizingitini, hakutaka kuingia.

"Mmoja tu ndiye aliyekuwa kibudu," akasema. "Tulimkuta kafa, nikatia kisu baadaye. Watatu walichinjwa wakiwa hai, sheria yote. Niliogopa tajiri ataninyima safari. Nisamehe."

Nilimsamehe. Nyama ya mbuzi watatu, halali tupu, nimeifukia watu wana njaa. Najua nisingeweza kuwatenganisha na yule kibudu. Lakini moyo haukubali.

Tajiri kanibakisha, na sasa hataki mnyama achinjwe nisiposimama pale. Kwa hiyo harusi ya Zuwena sitaidiriki. Mwambie mwanao mjomba wake hakukataa, kakataliwa ruhusa.

Na wachumaji habari ya shimo imewakaa. Hakuna anayetia mkono sahanini mpaka anione mimi nimemeza tonge la kwanza. Homa imenitoa hamu yote, nyama nikiinusa tu roho yachafuka. Lakini kila siku nakaa mbele yao, nasema bismillahi, nakula.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu wa Mkunazini, na maalimu aliyenifundisha juzuu, mwambie aniombee. Nawe ukinyanyua mikono, usiniombee riziki. Niombee hamu ya kula.

Ni mimi mdogo wako,
Khamisi