Keki ya Komunyo ya Kabula

Ushirombo, Jumamosi, Juni 1976

Imemong'onyoka tena. Oti, nafaka ya Kizungu ya uji aliyonipa Sista wa misheni, nimezitwanga mwenyewe, nikachekecha, nikaweka makaa chini na juu ya sufuria. Bado keki inavunjika kama kichuguu kikavu.

Kabula hakujali, aliokota hadi makombo. Tangu daktari amkataze ngano, tumbo la mwanangu limetulia. Nikasema basi, kesho akipokea Komunyo ya kwanza, naye atakuwa na keki kama wenzake.

Jioni nampigia pasi gauni jeupe, akaniuliza, "Mama, hostia, ule mkate wa Komunyo, nayo ni ya ngano?"

Nikamwambia akalale.

Keki nimeibadilishia unga. Mwili wa Bwana nitaubadilishia nini, mimi nani?