Gari la Shangazi Akinyi

Mjukuu wangu Atieno,

Huku Suna sote tu wazima. Nyanya yako amerudi kutoka kwa dada yake kule Karungu na anakusalimu sana. Unauliza kama ununulie gari lako sensa mpya ya oksijeni, kile kihisi cha kwenye bomba la moshi, kwa sababu kompyuta ya fundi imeitaja. Ngoja kwanza.

Miaka ya tisini, shangazi yangu Akinyi wa Kendu Bay aliachiwa gari na marehemu mumewe. Taa ya injini ikawaka, fundi mmoja akamwambia injini imekwisha, naye akaliuza. Mnunuzi akalileta kwenye gereji yetu, nilikokuwa fundi. Nilipounganisha waya wa kupimia, taa ya injini ilipepesa mara kadhaa, ishara ya sensa hiyo ya oksijeni. Kumbe sensa ilikuwa nzima. Bomba la ekzosi, la kutolea moshi, lilikuwa na ufa karibu nayo, hewa ya nje ikaingia na kuidanganya. Tulichomelea ule ufa, taa ikazimika.

Nikaenda kumweleza shangazi. Akauliza, “Huyo mwenyewe wa sasa analiosha?”

“Analiosha, shangazi.”

“Marehemu aliliosha kila Ijumaa, kabla Sabato haijaingia.”

Mpaka leo najiuliza kama ingekuwa heri nimwache tu bila kujua.

Wewe na fundi wako kagueni bomba kwanza.

Babu yako