Maji Yakifika Kizingitini

Tensta, Stockholm
Jumapili, 10 Novemba 2024

Dada yangu Dafrosa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mgongo wako unaendeleaje, na watoto wameacha kukohoa? Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mimi bado nahudumia wazee, na bado naongea sana, hilo unalijua. Barua hii anakuletea Félix wa kanisani kwetu, anayesafiri kwenda Bujumbura Alhamisi. Kwa simu nilijaribu mara tatu, nikaishia kukuuliza habari za mbuzi.

Natacha wangu alipewa shuleni kazi ya kueleza nchi ya Tuvalu, visiwa tisa katika bahari ya Pasifiki. Mtoto huyu nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiswidi, lakini siku ile alikaa nami jikoni akanieleza yote. Alisema ardhi yao ni matumbawe, haina mto wala mlima, na pahali pa juu kabisa hapafiki mita tano. Kuna sehemu nyembamba hivi kwamba ukisimama unaona bahari kulia na kushoto. Maji ya kunywa wanakinga ya mvua. Magimbi huyapanda ndani ya mashimo, na sasa chumvi inaingia chini kwa chini, yanaoza. Bahari ikijaa sana, maji hayaji kutoka ufukweni tu, yanachipuka uani.

Nikamwambia hayo nayajua, ndiyo ya kwetu Gatumba, ila ziwa letu halina chumvi. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema wengi huko huzika karibu na nyumba, kama Bibi yake, Mama yetu, alivyozikwa kwenye migomba yako, na sasa baadhi wanahama. Halafu akaniuliza kama wafu wao waliwaruhusu kuondoka.

Nikaosha upya vyombo vilivyokuwa safi.

Dada, mafuriko yamekuhamisha mara mbili, ukarudi mara mbili, ukilaza watoto juu ya meza, kwa sababu ya wosia wa Mama niliokupa mimi, kwamba asiachwe peke yake. Kila uliporudi nilikupongeza. Siku aliyoutoa wosia huo ulikuwa umekwenda kumtafutia dawa, simu akaishika mwenyewe, nikamsikia mimi tu. Hakusema hivyo. Alisema nikuambie kwamba maji yakifika kizingitini uchukue watoto, umwache yeye, kwa kuwa mfu hafi maji.

Niliyageuza maneno yake. Niliogopa kwamba ukihama sitakuwa tena na kwetu. Nilitaka mtu wetu abaki pale, na mtu huyo nikakufanya wewe. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka saba, na wewe ndiye uliyeitembea miguu majini. Naona aibu. Ukinikasirikia, una haki.

Shangazi Colombe anawangoja Gitega, nimeshazungumza naye, chumba kipo. Wasalimie watoto mmoja mmoja. Natacha anakuamkia.

Usisubiri mvua. Muage Mama, umwambie ujumbe wake umefika, na aliyeuchelewesha ni mimi.

Mdogo wako,
Gaudiose