Jina Wanalolitaka Kwenye Kamera

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko, nimejifungia bafuni kwa sababu ndicho chumba pekee cha nyumba hii kisicho na kamera. Mume wangu ni mwanamuziki wa hip-hop, na tangu mwaka jana tuko kwenye kipindi cha televisheni kinachoonyesha maisha ya wasanii, studio mpaka jikoni, na mwanzoni nilifurahi, sikatai, nilipenda kupakwa poda na kuitwa shemeji na kila mtu, mpaka mimba yangu ilipofika miezi saba mtoto akaacha kucheza, nikaenda hospitali peke yangu, daktari akaniambia moyo wake umesimama, nirudi kesho yake waanzishe uchungu, nikarudi nyumbani na begi langu na mtoto wangu tumboni, nikafungua mlango nikawakuta wanarekodi, nikamwambia mume wangu pale pale kwamba mtoto hayupo tena, na yeye, mshauri, akamgeukia fundi sauti akamuuliza, "Imeingia?"

Sauti haikuingia, maiki ya mume wangu ilikuwa imezimika. Muongozaji akaniomba kwa upole, "Shemeji, samahani sana, toka halafu uingie tena," nikamtazama mume wangu anitetee, akasema nitoke mara moja tu tumalize, basi nikatoka, nikasimama kwenye ngazi na begi langu, nikaingia, nikasema tena, na safari hii akapiga magoti akalia mpaka mpiga picha naye akafuta machozi. Sasa kipande hicho kinatangazwa kila siku, watu wanaandika kwamba mume ana utu na mke ana roho ngumu, na ni kweli sijalia mpaka leo, ila yeye kamera zikizimwa hamtaji mtoto kabisa. Ametunga wimbo. Ijumaa wanaurekodi, na wanataka niseme mbele ya kamera jina la binti yetu, nililomnong'oneza sikioni kule hospitali kabla wauguzi hawajamchukua, ambalo hata baba yake halijui kwa sababu hakuwahi kuliuliza. Anasema bila jina kiitikio hakikai sawa, na nikikataa nitakuwa nimemharibia kazi inayotulisha. Je, mimi ni mchoyo?

Shemeji wa Watu Wote

Dada yangu, pole. Pole ya mtoto kwanza, maana katika barua yako yote sijaona mtu aliyekupa.

Sasa nikugombeze kidogo. Siku ile ulitoka nje kwa sababu ulikuwa umepigwa na butwaa, hilo sikulaumu. Lakini tangu pale umekuwa ukiingia na kutoka kila wanapokuambia, na leo unaniuliza kama una ruhusa ya kubaki na kitu chako. Ruhusa ya nani? Roho ngumu huna. Wanaokuandikia hayo hawakuiona mara ya kwanza, na wewe umenyimwa hata mahali pa kulilia.

Mumeo simwiti mnyama. Huenda amezoea kutazamwa mpaka hajui tena kuumia akiwa peke yake. Hilo ni la kwake kulitibu, na dawa yake si jina la mtoto. Kiitikio kikimshinda atafute neno jingine, ndiyo kazi yake.

Ijumaa usikanyage studio. Mwandikie muongozaji mapema kwamba hutarekodiwa, na mkataba wenu umpelekee mwanasheria wako, si wa kwao. Kisha mvue mumeo maiki kwa mkono wako mwenyewe, mkae humo humo bafuni, umwambie kilichokuuma pale mlangoni. Jina usimtajie. Ngoja aulize. Akiuliza ili amlilie mwanawe, mwambie, mlie wote. Akirudi kwenye wimbo, chukua lile begi uende kwa mama yako, na muongozaji akikuita uingie tena, usigeuke.

Ukipata nafasi niandikie umefikia wapi. Ila jina la binti yako usiliandike, hata kwangu.