Gurudumu la Saa ya Mzee Rajabu

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba. Huku Ujiji tu wazima, na goti la bibi yako limepoa, ameanza tena kuanika dagaa.

Umeuliza kama niliwahi kushika saa kama hizo za zamani unazokusanya, zinazojua zenyewe mwezi una siku ngapi. Niliishika moja, nikaiharibu.

Nilikuwa fundi saa kijana, mwenye majivuno. Jirani yetu Mzee Rajabu aliniletea saa ya marehemu baba yake niisafishe. Februari ikaisha, nikaiona imetoka ishirini na nane ikaenda moja. Saa nilizozijua zote zilihesabu mpaka thelathini na moja. Nikasema hii inaruka siku, nikang'oa gurudumu lililoirusha, nikalitia kwenye kopo la vipuri.

Tangu hapo, kila mwezi mfupi ulipokwisha, mzee alikuja nimrekebishie tarehe.

“Mungu akuweke, fundi. Bila wewe saa ya baba ingenipotosha.”

Siku nilipoelewa nilichokifanya, alikuwa bado hai. Nikaendelea kumrekebishia tarehe, naye akaendelea kunishukuru mpaka alipofariki.

Sasa anaivaa mwanawe. Gurudumu ninalo. Ukija likizo, nisindikize kwake; peke yangu huwa naishia mlangoni.

Babu yako