Nimeona: Kwa Mwenzangu wa Bunduki Moja

Ndirangu, mwenzangu wa bunduki moja,

Leo ni Jumamosi na wenzetu wote wako machimboni wanapiga shabaha. Nasikia bunduki za upepo kutoka hapa darasani. Si mlio wa kutisha, unajua mwenyewe. Ni kama mtu anayepiga kofi moja halafu akajuta. Mwalimu Mwadime ameniuliza kama naumwa, nikamwambia kichwa. Si kichwa. Nimekaa kwenye dawati letu la mwisho, karibu na dirisha, na upande wako nimeweka vitabu ili mtu asije akakaa.

Sijui kama unaikumbuka siku tuliyopewa bunduki moja. Nyani walikuwa wamekula mahindi ya shamba la shule mpaka yakabaki mabua. Mwalimu Mwadime, ambaye alikuwa Keya, askari wa Mfalme, akapigana Burma, akaazima bunduki tatu kuukuu za upepo, akatuchagua wavulana sita, akatupeleka kwenye machimbo ya zamani ya kokoto chini ya shule, ambako ukingo wa udongo unaweza kumeza risasi zote za hapa Mbololo. Akasema, "Wawili wawili, bunduki moja. Kila mtu atafute mwenzake."

Wavulana wa kijiji kimoja wakashikana mikono papo hapo. Tulibaki mimi niliyekuja na kitabu kwapani, ndiyo wakaniita Karani, na wewe mtoto wa fundi wa reli kutoka Voi, usiyejua neno la lugha yetu ya Kidawida isipokuwa "Kwawuka", salamu ya asubuhi, ambayo ulitusalimu nayo hata jua likizama. Mwambi akasema jambo kwa Kidawida na wote wakacheka.

"Anasema nini?" ukaniuliza.

"Anatusifu," nikasema.

"Anatusifu vipi?"

Sikuweza kudanganya mara ya pili. "Anasema mmoja wetu hasemi na mwingine hasikii."

Ulicheka kuliko wao. "Basi tutaelewana," ukasema. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza, na mimi, ambaye hujiuliza mara tatu kabla ya kuomba chumvi mezani, nilirudi bwenini nikiyarudia kichwani kama shairi la kukariri.

Halafu ile sheria. Mwalimu alivunja bunduki katikati, pale inapokunjika, mtutu ukaning'inia chini, akatuonyesha kile kitundu ambamo risasi huingia. "Bunduki haipokezwi ikiwa imefungwa," alisema. "Anayetoa huifungua, akasema: Tupu. Anayepokea anajibu nini?"

"Asante!" Mwambi akapaza sauti.

"Asante itakuzika, Mwambi."

Akanigeukia mimi. Nikajibu kama tunavyojibu darasani tukipewa amri: "Nimesikia."

"Umesikia nini? Sikio linaona risasi?" Wote walicheka, masikio yangu yakapata moto. "Hata akiwa ndugu yako wa tumbo moja, hata akiwa padre. Unatazama kwa jicho lako, mpaka uone mwanga upande wa pili. Ndipo unasema: Nimeona. Na kama hukuona, usiseme."

Nadhani wenzetu walilichukua neno hilo kama wimbo wa gwaride. Wewe na mimi tulilifanya letu. Chakula kikiisha bwenini ulikuwa ukigeuza sahani, ukanionyesha: "Tupu." Nami nikainama, nikatazama kwa makini, nikasema, "Nimeona." Mwalimu wa hesabu alipokuuliza swali usilolijua, ulinigeukia ukajigonga kichwa polepole kwa kidole. Nilijibu kwa midomo tu, bila sauti, na bado nikapewa adhabu ya kufagia. Ulipokuja nyumbani kwetu likizo ile fupi, mama akatupakulia kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe, ukala, ukala tena, mwisho ukamwambia ni kama mama yako amepika, ila huku mmetia muhogo mahali pa viazi. Kisha ukamwinamishia bakuli. "Tupu, mama." Mama hakujua mchezo wetu, alidhani unaomba, akakujazia. Ulinitazama kwa macho ya mtu anayezama, na sikukuokoa.

Lakini jambo ambalo nalifikiria zaidi ni dogo kuliko hayo. Bunduki yetu ilikuwa na ile skrubu ya kuinua na kushusha jicho la nyuma la kulengea, unakumbuka. Wewe ulilaza shavu juu ya kitako, mimi nina shingo ndefu. Palipokufaa wewe, mimi nilipiga udongo. Ukakwaruza kwa msumari alama mbili, yako na yangu. Kila ulipomaliza zamu yako ulirudisha skrubu kwenye alama yangu kwanza, ndipo ukavunja mtutu na kunipa. Nami nikafanya hivyo hivyo. Hatukuwahi kupatana juu ya jambo hilo. Wenzetu waligombana kila Jumamosi, nani kaharibu jicho la nani. Sisi, kila mmoja alipokea bunduki ikiwa tayari imekuwa yake.

Sasa niandike yale ya siku ile. Nimeyazunguka kurasa nzima.

Tulikuwa tumepanga mistari asubuhi, lori likasimama chini ya ule mgrevilea. Hali ya Hatari, vita ya serikali na watu wa kwenu, tuliisikia tu wakati ule, katika magazeti ya Mwalimu na minong'ono ya watu wa reli, kama mvua inayonyesha mlima mwingine. Askari walikuwa na ofisa mmoja Mzungu na mkalimani. Hawakuita jina lako. Waliita kabila lako, na wewe ulikuwa peke yako katika shule nzima, kwa hiyo ilikuwa kama jina.

Walimwaga sanduku lako la bati juu ya majani. Shati, kalamu, soksi ambazo mama yako alizitia viraka. Hakukuwa na kitu. Kisha askari mmoja akamwambia mkalimani kwamba kijana huyu hufundishwa kupiga bunduki, na mkalimani akamgeuzia ofisa maneno hayo, na niliona uso wa ofisa ukibadilika. Mwalimu Mwadime akajitokeza kueleza habari za nyani. Wakamwambia asimame kando.

Mkalimani akauliza, "Alikuwa akishika bunduki na nani?"

Ndirangu, wewe ulitazama chini. Nilijua kwa nini. Ulikuwa unanipa nafasi ya kukaa kimya, na kukaa kimya ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya vizuri. Miguu yangu ilitoka kwenye mstari kabla yangu.

"Na mimi," nikasema.

"Wewe umesikia kama alikuwa akificha risasi? Akiwapelekea watu?"

"Sikusikia." Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto mchanga, na mtu nyuma yangu alicheka kwa woga. "Nimeona. Kila zamu alifungua bunduki akanionyesha. Ilikuwa tupu. Na mifuko yake aliigeuza mbele yangu, na mkebe wa risasi tuliurudisha pamoja. Sikuambiwa. Nimeona kwa jicho langu."

Mkalimani alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui alimwambia ofisa nini. Maneno yangu yalikuwa mengi na yake yakawa machache sana. Ofisa alitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Wakakupandisha.

Lori lilipogeuka pale kwenye kona ya shamba, ulisimama. Askari alikuvuta shati ukae, wewe ukainua mikono yote miwili, viganja wazi, vidole vimeachana mpaka niliona anga katikati yake.

"Tupu!" ulisema kwa sauti.

Shule nzima ilikuwa imesimama. Mimi ambaye sijawahi kujibu swali bila kuitwa jina nilipiga kelele mpaka koo likauma: "Nimeona!"

Sijui kama ulinisikia, maana lori lilikuwa limeshaanza kuteremka. Hilo ndilo linalonisumbua kila usiku. Si kwamba hawakuniamini wao; ni kwamba labda wewe ulikwenda ukidhani hukujibiwa.

Likizo ilipofika nilishuka Voi mpaka kwenye nyumba za reli. Mlango wenu una pazia jipya la maua. Mwanamke aliyetoka alinikaribisha kwa upole, akanipa maji, akasema wao ni watu wa Kisumu, walipofika hapo walikuta nyumba imefagiwa. Hakujua mama yako na dada zako walipelekwa wapi. "Pengine walirudishwa kwao," akasema, "wewe ni nani wao?" Ningesema rafiki, lakini rafiki ni neno ambalo mtu humwita hata muuza ndizi. Nikasema, "Tulikuwa tunatumia kitu kimoja na mtoto wao." Akanitazama kwa huruma, nadhani alifikiri nimefuata kitu changu. Maharagwe ambayo mama yako alipanda kando ya mfereji yamepanda mpaka juu ya ukuta. Alisema wanayala na ni matamu.

Bunduki zilifungiwa muhula mzima, kisha nyani wakarudi na Mwalimu akapata kibali kuzitoa. Nimepewa mwenzangu mpya, na ni Mwambi. Usicheke. Si mtu mbaya. Siku ya lori yeye ndiye aliyekusanya soksi zako majanini, akazikunja. Lakini Jumamosi iliyopita alinipa bunduki ikiwa imefungwa.

"Shika bwana, tupu, tupu."

"Fungua nione."

"Wewe Karani! Hata mimi hunisadiki?"

"Fungua."

Alifungua, akipumua kama ng'ombe. Nikatazama, nikaona mwanga. Ilikuwa tupu kweli. Akasubiri nimjibu, na Mwalimu akasubiri, na lile neno halikutoka. Si kiburi, Ndirangu. Neno lenyewe lilikuwa limekwenda na lori. Nikasema, "Asante," na wote wakacheka, maana mwisho jibu la Mwambi la siku ya kwanza lilipata mtu. Kisha nikalenga, nikapiga udongo juu kabisa ya kopo la shabaha. Jicho lilikuwa limebaki alipoliacha yeye. Nilitafuta alama zetu za msumari. Zipo, ila kutu imeanza kuingia kwenye yako. Niliisugua kwa pindo la shati. Ndiyo sababu leo sikuteremka machimboni. Siwezi kusimama pale kila Jumamosi nikipokea bunduki ya mtu mwingine.

Najifunza zaidi sasa, nasoma mpaka macho yanauma, na watu wanasema nitafika mbali. Kila nikisoma jambo zuri nageuka upande wako wa dawati, nakutana na rundo la vitabu. Jioni watu wakicheza mpira mimi hukaa juu ya ukingo na kutazama treni ikipita huko chini bondeni, ndogo kama kiwavi. Zamani ulikuwa unaniambia kwa moshi wake kama ni ya abiria au ya mizigo. Mimi sijui kutofautisha. Naiangalia tu.

Watu wanasema uko kambi moja, wengine wanataja nyingine. Mwalimu Mwadime amesema atampa barua hii mtu anayepeleka vyakula upande huo, na kama uko hapo itakufikia, na kama huko itazunguka. Karani wa posta alinionya kwamba barua za kwenda kwenye kambi hufunguliwa na kusomwa kabla ya mwenyewe kuzipata, kwa hiyo nisiandike upuuzi. Nimefikiri juu ya hilo siku nyingi. Mwisho nimeamua nisiitie gundi hata kidogo. Wote watakaoishika na waisome, hakuna ninachoficha, na yaliyomo niko tayari kuyarudia mbele ya ofisa yeyote.

Itakufikia ikiwa wazi, kama tulivyofundishwa. Basi ipokee kwa sheria ile ile: usikubali neno la aliyekuletea, wala langu mimi. Inamisha kichwa, utazame ndani kwa jicho lako mwenyewe.

Safari hii si tupu.

Ni mimi, wa zamu ya pili baada yako,
Mwenzako asiyesema