Masikio ya Kabula

Mama Kabula, mkwe wangu,

Shikamoo yako hukuiandika, lakini marahaba. Sijafa. Hujambo wewe? Kabula hajambo? Na ng'ombe je, au shemeji yako bado anawachunga huku amelala? Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ile elimu ya watu wazima mliyonicheka nayo ndiyo hii.

Mumeo anakula, amenenepa kidogo. Lakini bado anajibizana na chekeche la almasi kama alivyoanza huko machimboni Maganzo, na hapa hospitali hakuna chekeche wala mchanga. Nikimwambia, "Masanja, nyamaza," ananijibu, "Mama, waambie wao kwanza."

Sasa sikiliza, na usianze kulia kabla sijamaliza. Kuna daktari mgeni amekuja na mashine ya kusoma mawimbi ya kichwani. Alimbandika Masanja nyaya, akamwekea masikioni kitu kinacholia ta, kisha ta tena. Anasema kichwa cha mtu asiyeumwa kinashtukia mlio wa kwanza, wa pili kinaupuuza. Kichwa cha Masanja kinaifungulia mlango milio yote miwili. Akasema ugonjwa huu hutembea katika ukoo, akataka kunipima na mimi.

"Mimi sina wazimu, baba. Pamba yangu nalima mwenyewe."

"Ndiyo maana nakutaka, bibi."

Nikafumua nywele, nikaosha mafuta yote, nikakaa. Mama Kabula, mawimbi yangu ni kama ya Masanja.

Daktari anasema hiyo ni alama tu, si ugonjwa. Wengi wenye nayo huzeeka na akili zao kama mimi. Lakini nikayafikiria masikio yangu. Wewe unajua, na kijiji kizima kinajua, mchi wa ng'ambo ya mto mimi nausikia. Nimeyaringia masikio haya tangu usichana. Na huyo mjukuu niliyempa jina langu, anayesikia mvua kabla ya mbuzi, si ndiye tunayemsifu mbele ya wageni kwamba ana masikio ya bibi yake?

Msimsifu tena. Daktari anataka aletwe apimwe. Nimekataa. Alama haina dawa, sasa atarudi na nini zaidi ya hofu? Na wanaotaka kumposa wakisikia, hawatapita tena hapo nyumbani. Wewe mtazame tu, wala usimwambie kwa nini unamtazama. Akianza kujitenga, akimwitikia asiyemwita, usizunguke naye kwa waganga kama tulivyozunguka na baba yake. Panda naye treni, mje.

Nisalimie shemeji yako, aamke. Nisalimie dada yangu na magoti yake. Kabula mpe salamu zangu kwa sauti ya kawaida.

Nijibu jambo moja, ng'wanone, mwanangu: mvua ya kwanza mwaka huu, nani aliisikia? Ukiandika ni yeye, sitalala. Ukiandika si yeye, sitakuamini. Lakini andika.

Mimi,
Kabula wa kwanza, mama yake Masanja